Majina, Tabia na Mgogoro: Watu wa Hadithi katika Pwani ya Tanga

I. Nguvu na mali

Miongoni mwa kata za Jiji la Tanga imo Nguvumali. Jina hili halihitaji kamusi. Ni maneno mawili yaliyoshikana yakawa moja, na kila asikiaye Kiswahili huelewa maana ya kila upande. Jina hilo hilo lilipata kuwa la mtu. Mganga mmoja aliyevuma sana kusini mwa Tanzania aliitwa Nguvumali, na habari zake zilitungiwa utenzi na Hasani bin Ismail. Utenzi huo, Swifa ya Nguvumali, ulihaririwa na Peter Lienhardt na kupigwa chapa mwaka 1968. Mganga wa kusini asichanganywe na kata ya Tanga. Lakini mwenye kuchunguza hadithi za pwani ana haki ya kusimama kidogo mbele ya jina lenyewe, kwa kuwa nguvu na mali ndizo chanzo cha ugomvi katika sehemu kubwa ya hadithi hizo. Mwenye nguvu hamtaki mwenye akili. Mwenye mali humsahau aliyempa. Ndugu huwaonea ndugu zao kijicho kwa urithi.

Makala haya yanahusu jambo moja tu: namna watu wa hadithi, ambao tabia zao zimekwisha kujulikana tangu majina yao yatajwe, wanavyoweza kuzaa mgogoro wa kweli. Suala hili si dogo. Wahakiki wengi wa fasihi ya Kiswahili wamesema kwamba watu wa Shaaban Robert, mwandishi mkubwa kuliko wote waliotoka pwani ya Tanga, ni watu wasiobadilika. Kwamba mwema ni mwema mwanzo hadi mwisho na mbaya ni mbaya. Na kwamba kwa sababu hiyo hadithi zake zafanana na mahubiri. Ikiwa shutuma hiyo ni ya haki, basi sehemu kubwa ya nathari ya kwanza ya Kiswahili haina budi kusomwa kwa adabu tu, bila mvuto. Ikiwa si ya haki, yafaa ionyeshwe kosa liko wapi.

II. Watu wa hadithi za mdomo

Kabla ya kitabu palikuwa na msimulizi. Msimulizi wa pwani huanza kwa kuita paukwa, na wasikilizaji huitika pakawa. Tangu hapo pana mapatano baina yao. Mapatano hayo hayahusu kunyamaza na kusikiliza tu. Yahusu pia elimu ambayo pande zote mbili zinayo. Sungura atajwapo, hakuna mtoto asiyejua kwamba ni mdogo wa mwili na mwingi wa hila. Fisi atajwapo, wote wajua kwamba tumbo lake litamponza. Simba ana nguvu, na nguvu zake zitamfanya aamini kwamba hahitaji kufikiri.

Yaweza kudhaniwa kwamba elimu hiyo inaiharibu hadithi, kwani tabia ikijulikana tukio nalo hujulikana. Ukweli ni kinyume chake. Msimulizi ambaye hana haja ya kueleza fisi ni nani hupata nafasi ya kueleza fisi amejikuta katika hali gani. Wasikilizaji hawaulizi kama fisi atakuwa mlafi. Wauliza ulafi wake utakutana na nini safari hii. Kwa hiyo mgogoro hauzaliwi na tabia peke yake, bali na tabia ikiwekwa mahali isipoweza kukaa kwa amani.

Mfano bora wapatikana katika hadithi ya Sultani Darai, iliyokusanywa Unguja na Edward Steere na kutiwa katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili kilichotolewa London mwaka 1870. Maskini mmoja, ambaye maisha yake ni kuchakura jaani akitafuta punje za kula, aokota kipande cha fedha na kununua paa. Paa huyo asema kama binadamu, na kwa akili yake ampatia bwana wake mke, mtoto wa sultani, kisha amuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpa bwana wake nyumba na mali za nyoka yule. Maskini sasa aitwa Sultani Darai. Kisha paa augua. Bwana wake, badala ya kumuuguza, aagiza apikiwe uji wa mtama mbovu, na maneno yake ni ya dharau. Mkewe amhurumia paa na kulia, lakini paa afa kwa uchungu wa moyo. Asubuhi moja yule bwana aamka na kujiona yuko jaani kama zamani, akichakura.

Watu wa hadithi hii waweza kuhesabiwa kwa aina: mfadhili, mfadhiliwa, mke mwenye huruma, nyoka mwenye mali. Hata hivyo ni vigumu kusema kwamba mfadhiliwa habadiliki. Alikuwa mnyonge, akawa mkuu, akawa mtovu wa shukrani, akawa tena mnyonge. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Lakini methali yasimulia tendo moja, na hadithi yauliza jambo la ndani zaidi, yaani mali humfanya mtu awe mwingine, au humfunua aliyekuwamo tangu zamani? Msimulizi hajibu. Amrudisha mtu jaani na kuwaachia wasikilizaji swali.

Basi yafaa ishikwe kwamba sanaa aliyoirithi mwandishi wa pwani haikuwa ya watu bapa wasio na mgogoro. Ilikuwa sanaa ambamo tabia hutajwa mapema ili mtihani wa tabia hiyo uweze kuanza mapema.

III. Jina kama hoja

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga, tarehe 1 Januari 1909, akafariki tarehe 20 Juni 1962. Alikuwa karani wa serikali kwa muda mrefu wa maisha yake. Alianza katika forodha ya Pangani, na baadaye alifanya kazi katika ofisi mbalimbali, zikiwamo za Tanga. Alikuwa pia mjumbe wa kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Mtu wa namna hii alikuwa na masikio mawili: moja la barazani, ambako hadithi husemwa, na moja la ofisini, ambako amri huandikwa, mashtaka hupokewa na majina ya watu huwekwa katika daftari.

Majina ya watu wake huchukuliwa kwa urahisi kuwa vibandiko vya tabia. Adili ni mwadilifu, Majivuno ni mwenye kujivuna, basi kazi imekwisha. Lakini mtaalamu wa lugha akitazama vizuri ataona kwamba majina haya si ya aina moja.

Yako majina yanayotokana na sifa ya mtu, kama Hasidi na Mwivu. Yako majina ya matendo au hali, kama Majivuno. Yako majina ya kuunganishwa, kama Utubora, ambalo ndani yake mna utu na ubora. Nayo majina ya nchi yana ufundi wake. Kusadikika na Kufikirika ni vitenzi katika umbo la -ika, umbo lionyeshalo kwamba jambo lawezekana kutendwa: lililo na uwezekano wa kusadikiwa, lililo na uwezekano wa kufikiriwa. Tena kiambishi ku- cha kitenzi-jina chafanana kwa sauti na ku- ya mahali, ile isikikayo katika neno huko. Kwa hiyo msomaji asikiapo Kusadikika, sikio lake lapokea kitendo na mahali kwa pamoja. Mwandishi hakuhitaji kubuni neno geni. Sarufi ya lugha yenyewe ilimpa nchi.

Hasidi na Mwivu wastahili maelezo zaidi, kwani mara nyingi huhesabiwa kuwa jina moja lililorudiwa. Katika matumizi ya pwani, wivu na husuda ni ndugu lakini si pacha. Mwenye wivu ataka alicho nacho mwenziwe kiwe chake, au aogopa kunyang'anywa alicho nacho. Hasidi haridhiki hata akipata. Lililo zito kwake ni kwamba mwenziwe amepata. Wivu waweza kutulizwa kwa kugawana. Husuda haitulizwi kwa kugawana, kwa maana kila atoaye hujionyesha kuwa alikuwa nacho. Tofauti hii yaelezea kwa nini ukarimu wa Adili, kama itakavyoonekana, hauleti amani nyumbani kwake.

Desturi ya kumwita mtu kwa jina lenye maana haikuwa ya vitabuni tu. Watu wa pwani wamezoea kumpa mtu lakabu kwa tukio, kwa kazi au kwa tabia, na Nguvumali wa kusini ni ushahidi wa hayo. Lakabu ni ahadi mbele ya umma. Mtu aitwaye kwa sifa fulani hutazamwa kila siku kama anaitimiza. Jina likitazamwa hivi, halimalizi habari za mhusika, lamwekea deni.

Fasihi nyingine nazo zimewahi kuwaita watu kwa sifa zao. John Bunyan wa Uingereza alifanya hivyo katika kitabu chake cha msafiri kilichotoka mwaka 1678. Kufanana huko hakutoshi kuthibitisha kwamba mmoja alimwiga mwingine. Jambo la maana zaidi ni kwamba kila fasihi ilitumia njia hii pale ilipotaka kuhukumu mambo ya jumla na si vituko vya mtu mmoja.

IV. Mgogoro barazani mwa mfalme

Kusadikika ilitolewa mwaka 1951, miaka kumi kabla ya uhuru wa Tanganyika. Waziri Majivuno amshtaki Karama kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Karama, badala ya kukana tu, ajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi, kila mmoja upande wake: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alirudi na maarifa ya kuifaa nchi, na kila mmoja alilipwa kifungo. Mwisho wa maneno ya Karama, mshtakiwa aachiliwa, na waliofungwa bila haki wafunguliwa.

Ni kweli kwamba Majivuno hajifunzi kitu katika hadithi hii na Karama hapotewi na wema wake. Anayetafuta mgogoro ndani ya vifua vya watu hawa wawili atatoka mikono mitupu. Lakini mgogoro haukuwekwa huko. Umewekwa katika baraza, mbele ya mfalme mwenye uwezo wa kufunga na kufungua. Mshtaki amekwisha kusema lake, na mshtakiwa asema lake siku baada ya siku. Mwenye kubadilika ni yule asikilizaye.

Majina ya wajumbe yatia nguvu maana hiyo. Nao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Buruhani ni hoja yenye uthibitisho. Fadhili ni wema. Kabuli ni kukubali, Auni ni msaada, Ridhaa ni kutoa idhini kwa moyo, na Amini ni neno la uaminifu. Yakiwekwa pamoja, majina haya ndiyo mambo ambayo hukumu yoyote ya haki haiwezi kuyakosa. Serikali ya Kusadikika imeyatia yote kifungoni. Inaendelea kuhukumu bila uthibitisho, bila wema, bila ridhaa na bila imani. Hili halielezwi kwa hotuba. Limo katika orodha ya wafungwa.

Zaidi ya hayo, kosa la Karama si wizi wala fitina. Ni kufundisha sheria, yaani kuwafanya watu wajue kwa kipimo gani wanahukumiwa. Majivuno aliona sawasawa kwamba elimu hiyo ni hatari kwake. Katika Tanganyika iliyotawaliwa na wageni, ambapo wengi walihukumiwa kwa sheria wasizopata kusomewa, msomaji hakuhitaji kuelezwa hadithi ilielekea wapi. Mwandishi aliyekula mshahara wa serikali hiyo hiyo alihitaji nchi ya angani ili aseme ya ardhini, na alihitaji watu wenye majina ya sifa ili asimtaje mtu.

Hapa hoja ya kwanza ya makala haya yaweza kuwekwa wazi. Tabia zisizobadilika za mshtaki na mshtakiwa ni sharti la kesi. Lau Majivuno angekuwa nusu mwema, na Karama nusu mwovu, mfalme angekuwa na udhuru wa kuahirisha. Kwa kuwa kila upande umesimama wazi, mzigo wote wamwangukia mwenye madaraka, na pamoja naye msomaji. Mgogoro wa Kusadikika ni mgogoro wa sikio: je, mwenye nguvu aweza kusikia?

V. Mgogoro usiku, nyumbani kwa Adili

Hoja ya pili yatokana na Adili na Nduguze, kitabu kilichotolewa mwaka 1952. Mfalme Rai wa Ughaibu amtuma Ikibali kwenda kudai kodi Janibu, ambako Adili ni liwali. Usiku Ikibali aona jambo la ajabu: mwenyeji wake, mtu ambaye wema wake wasifiwa na wote, awachapa manyani wawili, kisha awalisha. Habari yamfikia mfalme, na Adili aitwa kueleza. Manyani wale ni nduguze, Hasidi na Mwivu. Walipoteza mali yao, naye akawagawia yake. Walisafiri pamoja, wakamtupa baharini kwa ajili ya Mwelekevu, msichana aliyemkuta katika mji wa watu waliogeuka mawe. Jini Huria, ambaye Adili alikuwa amemwokoa zamani, alimtoa majini, akawageuza nduguze manyani, na kumwamuru awapige kila usiku, la sivyo yeye mwenyewe angeadhibiwa.

Msingi wa kisa hiki umo katika Alfu Lela Ulela, katika habari za Abdullah bin Fadhil, liwali wa Basra wakati wa Khalifa Harun Rashid. Kwa hiyo thamani ya kitabu haiko katika kubuni matukio. Iko katika mabadiliko ambayo mwandishi wa Tanga aliyafanya, na mawili kati yake yahusu moja kwa moja suala la tabia na mgogoro.

Badiliko la kwanza ni la umbo. Katika kisa cha Kiarabu, ndugu waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwafanya manyani. Kwa msomaji Mwislamu wa pwani, mbwa hakai karibu na chakula cha watu, na kumfukuza hakuumizi moyo wa mtu. Nyani ni kitu kingine. Mkulima amjua kuwa mharibifu wa shamba, lakini uso wake na mikono yake vyamkumbusha binadamu. Ampigaye nyani kwa mjeledi hawezi kuzuia macho yake yasione mkono ulioinuliwa kujikinga. Kwa badiliko hili, udugu haukufichwa ndani ya umbo la mnyama, ulibaki ukionekana.

Badiliko la pili ni la mwisho. Katika Alfu Lela Ulela ndugu wakirudishiwa umbo lao hurudia uovu, na mwisho wao ni kuuawa kwa adhabu. Katika kitabu cha Kiswahili Rai aingilia kati, ndugu warudishwa kuwa watu, na kisa chaishia kwa msamaha na furaha. Wale wasemao kwamba watu wa Shaaban Robert hawabadiliki hawana budi kueleza jambo hili. Chanzo alichokuwa nacho mkononi kilikuwa na ndugu wasiobadilika kabisa, wabaya hadi kaburini. Yeye ndiye aliyewabadilisha. Aliwaita Hasidi na Mwivu, majina mabaya kuliko ya asili, kisha akawafungulia mlango ambao hadithi ya asili iliufunga.

Lakini mgogoro mkubwa zaidi ni wa Adili mwenyewe. Jina lake ni haki na mwenendo mwema. Kila usiku haki hiyo yamtaka awapige watoto wa baba yake. Akiacha kupiga, aasi amri ya aliyemwokoa na kujiletea adhabu. Akipiga, avunja undugu. Mtu mbaya asingepata taabu yoyote katika hali hiyo. Angepiga na kulala. Ni wema wake usiobadilika unaoifanya kila fimbo kuwa mzigo. Laiti Adili angekuwa mtu wa tabia mchanganyiko, mwenye kisasi kidogo moyoni, mgogoro ungepungua, usingezidi.

Hili ndilo jambo ambalo shutuma ya ubapa hailioni. Yadhaniwa kwamba ili mtu wa hadithi awe na vita vya ndani, sharti awe na mema na mabaya yakipigana ndani yake. Adili ana vita vya ndani bila mabaya. Wajibu wawili, wote mwema, wagombana ndani ya mtu mmoja.

Jina la mfalme lakamilisha hoja. Rai katika Kiswahili ni shauri au maoni, kitu ambacho mtu hutoa baada ya kusikia na kufikiri. Mjumbe wake, Ikibali, abeba jina la kukubali. Amri ya jini haikuwa na rai. Ilikuwa na adhabu tu. Palipoingia rai, fimbo ilikoma. Kama katika Kusadikika, mwenye nguvu aliyesikiliza ndiye aliyelifungua fundo.

VI. Jina lenye watu wawili

Vitabu viwili vilivyotoka baada ya mwandishi kufariki vyaonyesha kwamba alizidi kulichimba jambo hili. Katika Kufikirika, kilichotolewa mwaka 1967, mna mtu ambaye jina lake lina Utubusara na Ujinga pamoja. Nchi ya Kufikirika yatafuta mjinga na mwerevu wa kutolewa kafara, kana kwamba watu hao waweza kutengwa kama mchele na chuya. Jina la namna hii lakataa utengano huo. Ni vigumu kumwita mwandishi huyu mtu wa vibandiko, ilhali yeye mwenyewe aonyesha jinsi kibandiko kinavyoweza kumpeleka binadamu machinjioni.

Katika Utubora Mkulima, kilichotolewa mwaka 1968, mgogoro wa nguvu na mali wahamia katika maisha ya kawaida. Utubora aacha kazi ya kalamu yenye mshahara na kwenda kulima Busutamu. Hakuna jini wala mfalme. Aliye na elimu ya ofisini ashika jembe, na jamaa yashangaa. Hapa jina la mhusika ni swali ambalo watu humwuliza kila siku: ubora wa mtu uko katika cheo au katika utu? Karani wa miaka mingi aliyeandika kitabu hiki alijua uzito wa swali hilo.

VII. Kipimo na kipimwacho

Mgawanyo wa watu wa hadithi kuwa bapa na duara ulienezwa na E. M. Forster wa Uingereza katika mihadhara yake iliyopigwa chapa mwaka 1927. Ni mgawanyo wenye manufaa, na uhakiki wa Kiswahili umeupokea. Lakini ulitungwa kwa kutazama riwaya za Ulaya, ambazo kwa karne mbili zilikuwa zimeshughulika na mtu mmoja mmoja na siri za moyo wake. Kuuchukua mgawanyo huo na kuufanya ngazi ya ubora, bapa chini na duara juu, ni kupima kitambaa kwa pishi. Pishi si kipimo kibovu. Ni cha nafaka.

Riwaya ya Kiswahili ilibadilika, na ilikuwa na haki kubadilika. Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, alimweka msichana wa Ukerewe baina ya ukali wa baba mlevi na uhuru asioandaliwa kuutumia, akaufuata moyo wake hadi kifo cha kujiua. Hapo mgogoro umo ndani ya mtu, na hakuna baraza la kuukata. Lakini hata huko desturi ya jina haikufa. Rosa Mistika ni jina la sifa la Bikira Maria katika ibada ya Kikatoliki, na mama wa msichana huyo aitwa Regina, yaani malkia. Majina matukufu yamewekwa juu ya maisha yaliyopondwa. Kwa Shaaban Robert jina ni deni ambalo mhusika ajitahidi kulilipa. Kwa Kezilahabi ni deni ambalo jamii imemtwika mtu na kumnyima njia ya kulilipa. Msomaji asiyezoea uzito wa majina katika hadithi za zamani hawezi kuona ukali wa kinaya katika hadithi mpya.

Kwa hiyo mwanafunzi wa fasihi afundishwapo kuainisha wahusika, yafaa asiishie kuandika karibu na kila jina kwamba huyu ni bapa na yule ni duara. Aulizwe maswali matatu. Kwanza, jina la mhusika lamwahidi nini? Pili, hadithi imemweka mahali gani ambapo ahadi hiyo ni ngumu kutimizwa? Tatu, ni nani katika hadithi mwenye uwezo wa kukata shauri, na je, asikia? Kwa maswali hayo Sultani Darai, Karama na Adili hawataonekana tena kuwa sanamu. Wa kwanza alipewa mali, asiweze kuibeba. Wa pili alisimama mbele ya nguvu, akasema hadi zikasikia. Wa tatu alipewa nguvu juu ya waliomdhulumu, akalia pamoja nao.

Wahenga walisema akili ni mali. Kata ya Tanga yataja nguvu na mali. Hadithi za pwani hiyo zimeyaweka maneno hayo matatu pamoja kwa muda mrefu, na kila mara zimeuliza moja kati yake likiwa mikononi mwa mtu, yeye mwenyewe atakuwa nani.